Ile CT Uliyonayo Haitoshi Kupangia Mionzi

Wiki iliyopita mama mmoja anayejiandaa kwa tiba ya mionzi ya saratani aliniwekea mezani bahasha ya CT, picha za eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili. "Mwanangu, CT ninayo, haina hata mwezi. Hii nyingine ya nini kama si kutaka hela?" Malalamiko haya tumeyazoea, lakini safari hii yameniuma.

CT ya uchunguzi hupigwa kwenye kitanda kilichopinda katikati, ili daktari auone ugonjwa. Ya kupangia mionzi hupigwa kwenye kitanda bapa kama cha mashine ya tiba, maski ya plastiki ya kushikilia kichwa imeshafinyangwa usoni, alama zimechorwa. Kwa saratani nyingi za shingo utalala vilevile mara 30 hadi 35, na dozi yote inaweza kufika grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Shingo ikikaa tofauti na ilivyokuwa kwenye picha, mionzi mikali inahamia kwenye tezi za mate au uti wa mgongo.

Wengine hututumia filamu waliyoipiga picha kwa simu. Hapo tunaona weusi na weupe tu. Faili halisi lina namba kwa kila nukta: maji 0, hewa -1000, mfupa mamia kadhaa. Kompyuta hukokotoa dozi kwa namba hizo. Diski ya CT ya zamani usiitupe lakini. Tunailinganisha na CT mpya daktari anapochora mipaka ya uvimbe.

Kijana mmoja, msomaji hodari, alinibana kwamba siku hizi programu za akili mnemba zinatengeneza CT kutokana na MRI, yaani picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku. Kweli kabisa, na kwa ubongo na tezi dume zipo hospitali zinazozitumia. Ila hiyo MRI lazima ipigwe ukiwa umelala kama utakavyotibiwa. Ya kwake alipigwa bila maski, kichwa kwenye mto! Hata zile mashine zinazounganisha MRI na mionzi, zinazorekebisha mpango siku hiyohiyo, hazimsamehe mtu aliyelazwa ovyo.

Bei yetu, ambayo watu huisema sana, ina ndani yake kazi ya mwanafizikia anayeupima mpango wa mionzi mashineni kabla mgonjwa hajapanda kitandani.

Halafu kuna mzee aliyefinyangiwa maski, akaenda kunyoa ndevu zote. Aliporudi maski inacheza. Akaomba tujaze pamba. Tulikataa, tukarudia maski, CT na mpango mzima, akalipa mara mbili kwa ajili ya wembe. Mwenye ndevu anyoe kabla ya kuja kwetu.