Lincoln hakusoma chuo cha sheria

Mhariri,

Barazani huku Wete husemwa kuwa Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani, alitoka chuo kikuu cha sheria. Sivyo. Skuli zote alizopita, ukizijumlisha, hazifiki mwaka mmoja. Sheria aliisoma mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, akapewa leseni ya uwakili katika jimbo la Illinois mwaka 1836. Kwa mahakama zetu angelikuwa karibu na vakili, yaani mtetezi wa mahakama za chini asiye na shahada, kuliko wakili mwenye shahada.

Kilichomjenga kisiasa, kwa maoni yangu, ni mzunguko wa mahakama. Mara mbili kwa mwaka jaji na mawakili walihama pamoja wilaya hadi wilaya, kwa farasi au kigari, wakilala nyumba za wageni, pengine wawili kitanda kimoja. Kesi nyingi zilikuwa za madeni, ardhi na mifugo, na ada ilikuwa ndogo. Ila alipoidai kampuni ya reli ya Illinois Central ada ya dola 5,000 kwa kuitetea kesini, nayo ikakataa, aliishitaki, akashinda mwaka 1857.

Mwaka 1858 alikosa useneti mbele ya Stephen Douglas. Lakini 1860, kule Chicago, aliyeongoza kampeni ya kumpatia uteuzi wa chama cha Republican kugombea urais alikuwa David Davis, jaji wa mzunguko ule ule.

Msomaji,
Wete, Pemba