Malalamiko: Kutozwa Sh. 1,180,000 kwa hitilafu ya VVT-i ambayo haikupimwa

Kwa Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye Toyota IST ya mwaka 2003, injini 1NZ-FE, iliyoletwa kwenu ikiwa imewaka taa ya cheki injini. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka, na kwenye kilima cha Kimara gari lilikuwa linajikongoja hata bila abiria.

Kijana wenu alichomeka mashine, ikasoma namba ya hitilafu P1349, ya VVT-i, mfumo unaotumia oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali za injini. Hapo hapo, boneti haijafunguliwa, akaniambia cheni ya injini imelegea na gia ya kamshafti (mhimili unaofungua vali) imekufa. Sikubishana, ninyi ndio mafundi. Gari likalala kwenu siku 11. Ndilo ninalobebea abiria, ndilo linalolipa ada za wanangu. Nikalipa 780,000 za cheni na gia, 150,000 za sensa na 250,000 za ufundi. Siku ya tatu taa ikawaka tena, namba ile ile. Niliporudi nikaambiwa sasa tatizo ni kompyuta ya gari, niandae laki sita nyingine.

Nilikwenda Tabata kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alianza kwa kuchomoa kijiti cha oili akapaka kidoleni: nyeusi tii, nzito. Akaniuliza ilimwagwa lini. Kwenu hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Kisha, injini ikiwa inanguruma, alichomoa waya wa vali ya oili ya VVT-i, akaipa umeme wa betri moja kwa moja. Alikuwa ameshanieleza: vali ikifunguka na oili ikapita, kamshafti inasogea, na injini ikiwa sailensa lazima itetemeke au izime. Yangu haikushtuka hata kidogo. Akaipima vali kwa mita ya umeme ikasoma ukinzani wa omu 7.3, na kipimo chake halali ikiwa baridi ni 6.9 hadi 7.9. Akafungua boliti yake ya namba 10, akaitoa, akaipa umeme ikiwa mkononi. Nikaona kipini cha ndani kinaruka. Kwa hiyo vali ilikuwa nzima, ila oili haikuwa inaifikia.

Ndipo akafungua boliti nyingine kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), akavuta kichujio kidogo kisichozidi ncha ya kidole changu. Wavu wake ulikuwa umezibwa na tope la oili mithili ya lami. Alikiosha kwa petroli, akakipuliza, akakiinua juani hadi nikauona mwanga ukipenya. Akamwaga oili, akaweka 5W-30 mpya na filta mpya. Jaribio la betri lilipofanywa tena, injini ilitetemeka ikazima. Ufundi wake ulikuwa 40,000. Huu ni mwezi wa pili, taa haijawaka.

Namba P1349 inasema mfumo wa VVT-i una kasoro. Haisemi ununue gia. Kupima vali na kichujio hakuchukui saa moja, na ninyi mna vifaa vingi kuliko mzee wa Tabata.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: cheni ya injini hii haibadilishwi bila kufungua kava ya mbele, na gari likifunguliwa kiasi hicho oili humwagwa. Oili yangu ilikuwa ile ile ya zamani. Naomba mnieleze kama cheni na gia vilibadilishwa kweli, na mnikabidhi vile vya zamani, ambavyo sikupewa siku ya kuchukua gari.

Nadai mnirudishie Sh. 1,180,000 ndani ya siku 14. Risiti yenu na picha za kichujio nimeambatanisha. Nikikosa jibu, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, mwenye Toyota IST