Barua kwa vijana wa usharika wetu kuhusu riba ya asilimia 10

Wapendwa vijana wangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti wenu aliniletea rasimu ya mpango wa mfuko wenu, akaniomba niipitie kama mzee wa kanisa na kama mtu aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, kabla haijafika kwenye baraza la wazee. Nimeisoma mara tatu. Hesabu zenu ni safi kuliko nyingi nilizowahi kuletewa mezani. Mnataka fedha za mfuko zikopeshwe kwa washarika na majirani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mkopaji aache dhamana ya kadi ya benki, simu au kifaa chake cha kazi. Mahali palipotakiwa kueleza mmekipataje kiwango hicho, mmeandika maneno manne tu: "Ndiyo bei ya soko." Ninayajibu maneno hayo kwa barua ya wazi, kwa sababu najua vikundi vingine hapa mlimani Kilimanjaro vinafikiri hivyo hivyo.

Sina ugomvi na soko. Baba yangu alinisomesha kwa kahawa ya kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, na kahawa hiyo tangu mwanzo ilikuwa ya kuuzwa ng'ambo. Wazee wetu waliunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kwa sababu walikwisha kuelewa kwamba mkulima mmoja mwenye magunia mawili akikutana na mnunuzi mwenye meli, bei hupangwa na mwenye meli. Hawakulikimbia soko, walikwenda wakiwa wengi, na mizani yao wenyewe mkononi. Baadaye mambo yaliharibika, mengine kwa mikono ya serikali iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha kwa sheria ya 1982, na mengine, niseme kweli, kwa mikono yetu sisi makarani.

Bei ya soko nimeiona kwa macho. Hadi Julai 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa kiasi ambacho kila nchi ingeuza, na bei ilikuwa na sakafu ya namna fulani. Mkataba ule ulipokwama, bei ilianguka karibu nusu katika miezi michache. Mwaka 2001 kahawa ya arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Mkulima wa huku hakuwa amefanya kosa lolote: alipalilia, alipiga dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, alichuma nyekundu tupu. Hata hivyo aliambiwa sokoni kwamba kazi yake ya mwaka mzima haifiki gharama ya dawa. Wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Februari 2025 bei hiyo hiyo ilipanda ikapita dola 4, na aliyeng'oa alibaki kutazama barabarani magari ya wanunuzi yakipita. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bei ya soko inajua thamani ya kitu, namuuliza ni soko la mwaka gani analolisema.

Sasa niwaambie jambo ambalo nimelificha muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2001, jirani yangu mjane alinijia jioni akitafuta ada ya sekondari ya mwanawe. Mibuni yake ilikuwa imechanua, meupe matupu, na harufu yake ilifika hadi jikoni kwangu. Nilimpa fedha, naye akaniachia mavuno ya msimu ule yakiwa bado maua. Ndugu zetu wa Kagera wana jina la biashara hiyo, wanaiita butura. Sisi tulisema tu kwamba tunasaidiana. Nilipovuna, nilipima kilo 60 za kahawa ya maganda, ilhali nilichompa hakikufika bei ya kilo 20, hata kwa bei ile mbovu ya mwaka ule. Hakuna aliyenilaumu. Bei niliyompa ndiyo iliyokuwa inatolewa kijijini kote. Jumapili moja nikapeleka sadaka ya shukrani kwa faida ile, na usharika ukanipigia makofi. Mama yule alikuwa benchi la tatu, naye akapiga makofi pamoja na wenzake.

Uzito wa jambo hilo haukunijia siku ile. Ulinijia baadaye, nilipounganisha tarehe. Novemba mwaka huo huo nchi yetu ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na miongoni mwa waliolipigania hilo kwa miaka kadhaa walikuwa Wakristo wa Ulaya na Marekani, katika kampeni iliyochukua jina lake kutoka mwaka wa Yubile wa kitabu cha Mambo ya Walawi. Ada ya shule za msingi nayo ilifutwa mwaka huo. Tulishangilia. Nami niliyeshangilia nilikuwa nimemaliza kuanika uani kwangu kahawa ya mjane. Mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia tuliusoma sote kipaimara, lakini mimi sikuwahi kudhani kwamba unanihusu.

Ndiyo maana ninawaomba mfungue Nehemia sura ya 5 kabla ya kikao chenu. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wanaowakopesha ni ndugu zao. Nehemia anakasirika, lakini katika kuwakemea wakuu anakiri kwamba hata yeye na ndugu zake wanakopesha fedha na nafaka, kisha anasema riba hiyo iachwe. Anataja sehemu ya mia ya fedha irudishwe, na wengi wanaofasiri mahali hapo huielewa kuwa ni asilimia moja kwa mwezi. Ninyi mmeandika kumi. Laki moja kwa riba yenu, mtu akishindwa kulipa na riba ikaachwa izae riba, baada ya miezi 12 inapita shilingi 313,000. Piga hesabu hiyo ukimfikiria mama anayeuza ndizi pale njia panda, siyo ukiifikiria karatasi.

Najua mtanijibu kwamba vikoba vya mama zenu navyo vinatoza riba. Ni kweli, ila katika kikoba anayelipa riba ndiye mwenye hisa, na mwisho wa mwaka sehemu ya riba hiyo inamrudia. Mpango wenu unawatoza watu wasio na hisa, ambao hawatakuwepo siku ya kugawana. Na hiyo dhamana ya kadi ya benki ndiyo desturi ya wakopeshaji ambao mitaani tunawaita kausha damu. Torati inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ndiyo riziki ya mtu. Mkichukua cherehani ya fundi mnadhani atawalipa kwa kushonea nini?

Makanisa yamesema mengi kuhusu uchumi wa dunia, na nayaheshimu. Makanisa ya Kireformati yalitoa ungamo lao Accra mwaka 2004, na sisi Walutheri wa dunia tulikutana Windhoek mwaka 2017 tukitangaza kwamba wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, uumbaji hauuzwi. Shida yangu ni kwamba tamko husomwa sinodi, likapigiwa makofi, likakunjwa, na Jumatatu mweka hazina anarudi kwenye asilimia zake. Luther mwenyewe mwaka 1524 aliwashambulia wafanyabiashara waliojiona na haki ya kuuza kwa bei yoyote wanayoweza kuipata, na katika Katekisimu Ndogo aliifafanua amri ya saba kwa namna ambayo wote mliikariri: kutomwibia jirani hakutoshi, tunapaswa kumsaidia aitunze na kuiongeza mali yake.

Mtu wa kujifunza kwake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijijini nchini Ujerumani. Katika njaa ya 1846 na 1847 alianza kwa kugawa mkate, kisha akategemea fedha za matajiri wenye huruma, na zote mbili aliona hazidumu. Mwaka 1864 aliunda chama ambacho wakulima wenyewe waliweka, walikopeshana na walidhaminiana, ili wasianguke mikononi mwa wakopesha kwa riba kubwa. SACCOS zetu, vyama vya akiba na mikopo, ni wajukuu wa kazi ile.

Ushauri wangu basi ni huu. Anayekopa awe mwanachama kwanza, hata kwa hisa moja. Riba ilipie gharama zenu halisi za daftari, nauli na hasara ndogo, nami nimeikokotoa kwa tarakimu zenu wenyewe nikaona asilimia moja kwa mwezi inatosha. Dhamana iwe wadhamini wawili, siyo kadi wala cherehani, na mgonjwa asimamishiwe riba hadi apone. Fedha itakayobaki nunueni mashine ya kumenya na mtengeneze vichanja vya kuanikia, ili kahawa za nyumba kumi ziende mnadani Moshi zikiwa na daraja moja na jina moja.

Mtasema faida itakuwa ndogo. Ndiyo, itakuwa ndogo. Lakini kila Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada pale nje, na yai la bibi fulani linapanda hadi shilingi elfu kumi, mnunuzi analirudisha, linauzwa tena, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusema kwamba dukani ni shilingi mia tano. Ninyi ndio mnaonadi.

Jumapili ijayo, mnada ukiisha, nitakuwa ofisi ya usharika na daftari langu la 2001. Mama yule amekubali kuja, na deni langu kwake nitalilipa mbele yenu, kwa kilo 40 za msimu huu. Njooni na rasimu, na kalamu nyekundu.

Ni mimi mzee wenu,
karani mstaafu wa chama cha msingi