Idrisa, usiwashe usiku

Ukonga, Dar es Salaam
Agosti

Swahiba Idrisa,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwako uliye mbali, na zaidi kwa Bi Mkubwa na kifua chake. Ukimya wa tangu Idi unisamehe. Jana Hadija amepita hapa, akasema umeshafyeka ekari zote 3 na unangoja usiku uliotulia uwashe. Ndugu yangu, nakuomba uniwie radhi kwa kuingilia, lakini usiku ndio wakati mbaya kuliko wote.

Hoja yako naijua: usiku hakuna upepo, moto hautaruka kwa Mzee Kondo. Sawa, lakini na moshi nao hautakwenda popote. Mchana jua hupasha ardhi, hewa ya chini hupanda, moshi ukapanda nayo na kutawanyika. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi hulala bondeni na ile ya vuguvugu huifunika kwa juu. Moshi hubaki kimo cha dirisha, tena dirisha la Bi Mkubwa. Alfajiri upepo wa umande huvuma kutoka bara kwenda baharini, nao huuteremsha kutoka huko Kisarawe hadi Pugu na Gongo la Mboto, saa ileile watoto wako njiani kwenda shule. Upepo wa bahari hauji kuurudisha mpaka jua lipande.

Halafu kuna kufukuta. Watu huogopa miali, kumbe moto wa miali huunguza majani karibu yote na moshi wake ni mchache. Ule unaofukuta, wa magogo mabichi, majani yenye unyevu na visiki, ndio unaomwaga kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, na chembe laini kwa wingi. Indonesia mwaka 1997, na tena 2015, moshi ulifika Singapore na Malaysia, na sehemu kubwa ilitoka kwenye udongo wa mabwawa yaliyokaushwa, ule uliojaa mimea iliyooza nusu, ukifukuta chini kwa chini wiki kwa wiki. Shamba lako halina udongo wa namna hiyo. Kisiki cha mkorosho, hata hivyo, hufanya vilevile kwa kiasi chake: juu unaona majivu, chini mizizi inaungua siku kadhaa.

Chembe ninazosema ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, wakati unywele mmoja una kama 50 au zaidi. Zinapita puani, zinapita kooni, zinatua ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Khanga iliyoloweshwa haizizuii, inashika majivu tu. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni inazizuia, lakini gesi inapita, na mwenye pumu hupata shida kuvuta pumzi ndani yake. Kwa hiyo Bi Mkubwa asiwepo kabisa siku hiyo.

Ningekuwa na uamuzi, usingechoma. Nitrojeni, rutuba iliyo kwenye majani hayo, karibu yote hutoka na moshi. Unabaki na majivu, na mvua ya kwanza ya vuli inayakokota. Majani makavu yatandaze yawe matandazo. Mabichi changanya na samadi na makavu, kikapu 1 cha mabichi kwa 2 au 3 vya makavu, lundo lifike mita 1 na zaidi kidogo, umwagie maji hadi ukifinya konzi moja lilowe bila kuchuruzika, ugeuze kila wiki 2 au 3. Likikauka halipati joto. Likizidi maji linanuka. Miezi 3 hivi una mboji. Vijiti vinene ni kuni.

Ukiona lazima uchome, basi yaliyofyekwa yakauke wiki 3 kwanza. Omba ruhusa serikali ya kijiji na uwaarifu majirani. Lima mkanda wa mita 4 kuzunguka, hadi udongo mtupu, usiache hata nyasi. Mafungu yawe madogo, yasichanganyike na udongo (udongo ndio unaofanya yafukute), wala plastiki isiingie. Washa saa 4 asubuhi upande ambao upepo unaelekea, moto urudi polepole ukipingana nao. Unachelewa, ila unaunguza vizuri na hautoroki. Upepo ukiwa mkali ahirisha. Saa 8 acha kuongeza, saa 10 alasiri pasiwe na kinachofuka. Kwa kuzimia, bomba la kupulizia dawa la lita 16 linafaa, lakini lioshe mara kadhaa; dawa ikipata moto utaivuta wewe. Chimba kila kisiki, mwagia, geuza, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, bado.

Na usiseme shamba moja si kitu. Zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na upande wetu wa kusini mwa ikweta msimu ni huuhuu, Juni hadi Oktoba. Septemba 2000 moshi wa kusini mwa Afrika ulijikusanya ukamiminika hadi Bahari ya Hindi, watafiti wakauita mto wa moshi. Uliundwa na mioto midogomidogo, mingi yake ya mashamba na mbuga.

Sasa nijibu, Idrisa. Umefyeka lini hasa, na mikorosho ya zamani umeikata au umeiacha? Mzee Kondo anajua? Bi Mkubwa dawa yake ya kuvuta bado anayo, au imekwisha nimpe Hadija alete nyingine Jumamosi? Na anaweza kuja kukaa kwetu wiki hiyo? Chumba cha mbele kiko wazi. Usiku huo umeshaupanga, au barua hii imewahi?

Nduguyo,
Salum