Barua kwa mwanangu Hana

Majengo, Mombasa
Jumapili usiku

Mwanangu Hana,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Nduguyo kikohozi kimemwacha, na joto la kaskazi limezidi hata kitambaa kinanata mkononi. Ijumaa ulipopiga simu sikukujibu vizuri, mteja alikuwa amesimama mlangoni akingoja buibui lake. Ulisema wenzako bwenini wanakuimbia "Hana hana kalamu, Hana hana mama," na kwamba kabla ya kusajiliwa kwa mtihani unataka uwe Anna. Nimelifikiria siku mbili. Sasa nimefunika cherehani, nakuandikia.

Huyo Anna unayemtaka ni wewe mwenyewe. Jina lako ni la Kiebrania, na linaanza kwa ile sauti ya kooni ambayo watoto wa nyumba hii hufunzwa chuoni wakisoma Kurani. Wagiriki hawakuwa na herufi ya sauti hiyo, wakaiacha, likabaki Anna. Hapo ndipo walipotoka kina Anne, Anita na Annette.

Maana yake ni neema, kupewa kitu na asiyekuwa na deni kwako. Mzizi huo huo umo katika Hanania, na katika Yohana, ambaye kwao ni Yohanan, yaani Mungu amefanya neema. Kwa hiyo marehemu babu yako Yohana ni nusu ya somo yako. Kiarabu nacho kina *hanan*, huruma na upole. Hilo nililijua kwa Bi Mkubwa mwenye nyumba. Nilipokuleta kutoka hospitali alikufunua uso akasema, "Hanna! Mamake Maryam." Kurani haimtaji kwa jina, inamwita mke wa Imrani, aliyemwekea Mungu nadhiri ya kilichomo tumboni mwake, wanazuoni ndio wanaomwita Hanna. Tangu siku ile Bi Mkubwa anakuita hivyo, n anaikaza kama mtu anayebana pini. Ndivyo Waebrania wa kale walivyolitamka.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Neno wanalokuimbia wewe lilianza kwangu. Niliolewa nikakaa miaka saba. Harusini, matangani, hata kwenye foleni ya maji, nilikuwa nikilisikia nyuma yangu: "Yule hana." Hawakuwa na haja ya kulimaliza. Kila mtu alijua sina nini.

Mwaka wa sita nikafungua Samweli wa Kwanza. Elkana ana wake wawili, Penina ana watoto, na wa pili hana, na jina lake ni Hana. Nililisoma mara tatu. Kwa Kiebrania ni neema, lakini kwa Kiswahili chetu nikaona kama mtafsiri ameniandikia mimi. Kila mwaka wakipanda kwenda Shilo, Penina anamchokoza hadi chakula hakimpiti kooni. Akaenda hekaluni akaomba midomo ikicheza tu, sauti haitoki, na kuhani Eli akadhani amelewa. Hapo niliiweka Biblia chini nikalia, kwa maana mimi nami nilikuwa nikiomba hivyo hivyo, chini ya leso, watu wa nyumba wasinisikie. Hana hakumtukana kuhani. Alimwambia hakunywa divai wala kileo, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana.

Na sikiliza Wayahudi walivyomfanya. Marabi waliichukua sala yake iwe mfano wa namna ya kusali: midomo itamke na sauti isisikike. Kisa chake husomwa katika masinagogi siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wao. Yule aliyedhaniwa mlevi ndiye waliyejifunza kwake kuomba.

Basi ulipokuja wewe, sikutafuta jina. Ofisini karani alimuuliza baba yako, "Jina la mtoto?" Akamjibu, "Hana." Karani akafunga daftari: "Rudini akishapata." Ilibidi baba yako aeleze mara mbili, ndipo akakuandika Hannah kwa Kiingereza, lile ulilolipenda ukiwa mdogo kwa kuwa ukilisoma kutoka nyuma halibadiliki.

Wala huko peke yako. Waingereza walilipenda zaidi baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, walipogeukia majina ya Agano la Kale. Marekani, mwaka 2000, lilikuwa la pili kwa wingi miongoni mwa watoto wa kike waliozaliwa, nyuma ya Emily tu. Ujerumani limekaa miaka mingi karibu na juu kabisa. Kwa Wajapani neno *hana* ni ua. Hao wanaokuimbia wanajua maana moja tu.

Mimi sitaki ulibadilishe, nakwambia wazi. Lakini sitakulazimisha. Ukirudi likizo na moyo wako ukiwa bado pale pale, tutakwenda ofisini pamoja.

Kitu kimoja zaidi. Hana alipompeleka Samweli hekaluni akiwa bado mdogo, alikuwa akimshonea kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea. Mimi fundi hufikiria vipimo. Mtoto unamwona mara moja kwa mwaka, utakata vipi? Lazima alikuwa akikisia, akiacha pindo.

Sketi yako ya shule nimeimaliza. Nimeacha pindo la inchi mbili, maana tangu uondoke sijui umerefuka kiasi gani. Nitampa dereva wa basi Jumatano asubuhi. Ndani ya mkanda nimetarizi jina kwa uzi mwekundu, na kando yake nimechomeka sindano na uzi wa akiba. Ikifika, ivae uniambie imeishia wapi, gotini au juu yake.

Mamako