Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Kariakoo nayo ni urithi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Dar es Salaam. Nina shida na mwaka 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale, bila kungoja tangazo, endapo lilijengwa kabla ya mwaka huo. Mji huu Sultani Majid wa Zanzibar aliuanza katika miaka hiyohiyo ya 1860. Hata Boma la Kale pale bandarini ni la 1866 au 1867. Ukiacha magofu kama ya Kunduchi, Dar es Salaam yote imezaliwa imechelewa, na inasubiri saini yako ya kuitangaza.

Tukitaja majengo ya kutunzwa, macho huelekea upande mmoja: makanisa, hospitali ya Ocean Road, ofisi za Wajerumani. Sina ugomvi nayo. Kanisa la Azania Front likipakwa rangi hata mimi Mwislamu hufurahi. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele na ua nyuma, nani ameiombea? Humo ndimo Mzaramo, Mmanyema, Mngazija na Mnyamwezi walipangishwa chumba kwa chumba, wakachota maji bomba moja, watoto wao wakakua wakigombana kwa Kiswahili kuhusu Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, timu zote mbili za hapahapa. TANU nayo ilizaliwa jirani, mtaa unaoitwa leo Lumumba, tarehe 7 Julai 1954.

Nyumba hizo zinaisha. Panapobomolewa moja panaota ghorofa la maduka, wala simlaumu mwenye kiwanja. Sifa hailipi ada ya shule. (Sheria hiyohiyo, kwa taarifa yako, inalinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Mlango ubaki, nyumba iende!)

Mgeni anayetua uwanja wa Julius Nyerere anawahi boti ya Unguja au ndege ya Arusha. Akibaki siku moja, anapelekwa Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1967, akaone nyumba za makabila. Nakipenda kijiji kile, nimepeleka wajukuu. Ila pale kila kabila limewekwa kwenye nyumba yake, wakati mji huu ulijengwa na watu walioishi chini ya paa moja. Hiyo ndiyo habari yetu, na hatuna mahali pa kumwonyesha mtalii, achilia mbali mtoto wa Mbagala.

Ombi langu si Kariakoo nzima. Chagua kipande cha mtaa mmoja ambacho nyumba zake bado zimesimama, ukitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Zungumza na Waziri mwenzako wa Fedha, wenye nyumba hizo wasamehewe kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na wapewe mkopo wa kukarabati wapangishe wageni vyumba viwili vya mbele. Waongozaji wawe vijana wa mtaa huohuo, wazee wakilipwa kwa kusimulia barazani.

Na nafuu hizo zitajwe siku ileile ya tangazo. Tetesi zikitangulia, tingatinga litafika kabla ya gazeti.

Wako,
Mkazi wa Ilala