Kwenu vijana mnaoshika mashine ya tatuu kwa mara ya kwanza

Wanangu,

Nawasalimu. Nawaandikia ninyi mlionunua mashine ya kwanza juzi, ile seti ya bei nafuu kutoka China inayokuja na sindano, chupa za wino na kipande cha ngozi bandia. Nawaandikia pia ninyi ambao tayari mnachora vyumbani Kinondoni, Sinza na Mbagala, mteja akiwa kwenye kiti cha plastiki. Kazi hii nimeifanya tangu wengi wenu hamjazaliwa, imenisomeshea watoto, na ninaipenda. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: ufundi wa mkono utakuja polepole, na mchoro uliopinda mteja anaweza kuusamehe. Maradhi hayangoji mpaka uive. Usafi lazima uwe umekamilika kwa mteja wa kwanza kabisa.

Kuchora ngozi ni jambo la zamani kwetu. Wazee wa Kimakonde wengine mmewaona, wana nembo usoni, chale zilizochanjwa zikapakwa unga mweusi wa mkaa. Waliochanja walikuwa mafundi waliofunzwa na kujulikana. Lakini wembe mmoja ukipita kwa watu wawili hubeba damu, ndiyo maana Ukimwi ulipoingia tukafundishwa, redioni na shuleni, tusichangie vitu vyenye ncha kali. Sindano ya tatuu ni ncha kali inayopenya ngozi makumi ya mara kwa sekunde moja. Somo lile ni lenu hasa.

VVU mnaviogopa, na mko sahihi. Ila kinachonitisha zaidi mezani ni homa ya ini aina B. Kirusi chake huweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka, juu ya meza au kwenye waya wa mashine, kwa siku 7 au zaidi. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3. Kwa homa ya ini B ni kati ya asilimia 6 na 30. Chanjo yake ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Ninyi mliozaliwa kabla haijaingizwa kwenye chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenda hamkuipata kabisa. Nendeni mkapime na mkachanjwe kabla ya kununua wino wa rangi.

Tuanze na meza. Ifute, pamoja na kiti, kwa dawa ya kuua vijidudu, na uiache dawa ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Wengi hupuliza na kufuta papo hapo, dawa haijafanya lolote. Tandaza nailoni ya kufungia chakula, kisha ifunge kwenye kila kitu utakachokigusa katikati ya kazi: mashine, waya wake, chupa ya kupulizia, swichi, shingo ya taa. Mafuta ya mgando yachote kwa kijiti safi uyaweke pembeni, kidole kisirudi koponi. Wino mimina kwenye vikombe vidogo vya kutupa, kiasi cha mteja huyo tu. Unaobaki unamwagwa. Najua chupa ni ghali. Unamwagwa.

Halafu simu. Katika vyumba vya vijana ninavyovitembelea, sioni kitu kichafu kama simu. Fundi anachora, anasita, anakuza picha kwa kidole chenye glavu ya damu, anaendelea kuchora. Jioni simu hiyo hiyo iko sikioni, na mtoto anaichezea. Chapisha picha uibandike ukutani. Simu ikiita, iache iite. Ukilazimika kuigusa, vua glavu, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, vaa glavu mpya. Chagua za nitrili: wapo wanaodhurika na lateksi, yaani mpira wa asili wa glavu za kawaida, na mafuta ya mgando huilegeza lateksi ikapasuka bila wewe kujua.

Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja. Kagua pakiti kama haijatoboka wala kulowa na tarehe haijapita, kisha ifungue mteja akiangalia. Kuichemsha kwenye sufuria hakutoshi, kuipitisha kwenye kiberiti ni kuipaka masizi, na kuilowesha kwenye spiriti hakuui kila kitu. Kinachotakasa chuma ni mvuke wenye shinikizo ndani ya otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea vifaa vilivyofungwa. Wengi wenu hamna chombo hicho, wala hamlazimiki kukinunua. Tumieni vishikio na katriji za kutupa, yaani sindano zinazokuja ndani ya ganda lake la plastiki, na katriji iwe na utando ndani unaozuia wino na damu kurudi kwenye mashine. Zipo za bei ya chini zisizo nao. Wembe wa kunyolea nywele nao ni wa mtu mmoja.

Na maji, ambayo karibu kila mmoja wenu anayachukulia kirahisi. Mwaka 2011 mjini Rochester, New York, watu 19 walipata vipele vya muda mrefu baada ya kuchorwa. Vijidudu, aina ya bakteria wanaoishi majini, vilikuwamo tayari ndani ya wino wa kijivu kabla haujamfikia fundi. Ulikuwa umezimuliwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke ambayo hayakutakaswa. Ukitaka kuzimua wino mweusi kwa ajili ya kivuli, nenda duka la dawa ununue maji ya sindano, vile vichupa vidogo vilivyofungwa. Maji ya bomba hapana, ya kunywa ya chupa hapana, na yaliyochemshwa yakapozwa jikoni pia hapana.

Sasa mkono. Wino unatakiwa ukae kwenye ngozi ya ndani, chini ya ile ya juu inayojibadilisha kila wakati. Ni kina cha milimita 1 hadi 2, kutegemea sehemu ya mwili. Ukichora juujuu, mchoro utabanduka na magamba wakati wa kupona. Ukizamisha mno, wino utatambaa na mstari utazungukwa na kivuli cha buluu kisichoondoka. Mbavuni, ndani ya mkono na kwenye kifundo cha mguu ngozi ni nyembamba, hapo legeza. Wanaoanza wengi hushindwa kwenye kuvuta ngozi. Mkono usioshika mashine ndio wenye kazi kubwa: uitandaze ngozi mpaka ikaze kama ya ngoma, na usiiachie mstari ukiwa bado unakwenda. Kasi ya mkono ilingane na ya mashine, maana mashine ikikimbia na mkono ukasuasua, ngozi hutafunwa.

Kwa mistari tumia sindano zilizofungwa pamoja kwa duara, zilizoandikwa RL. Ukiona 1207RL, 12 ni unene wa milimita 0.35 kwa kila sindano, na 07 ni idadi ya sindano zilizofungwa pamoja. Vijana hukimbilia yenye sindano tatu kwa wembamba wake, lakini hiyo hukata ngozi kwa urahisi na kuonyesha kila mtetemo wa mkono. Jifunzeni na yenye saba.

Na kwa miezi ya mwanzo, ngozi ya mtu iacheni. Choreni kwa penseli kila siku. Choreni kwenye ngozi bandia, ganda la chungwa, ndizi. Ngozi ya nguruwe inakaribiana zaidi na ya binadamu, kwa ambaye dini yake haimkatazi kuigusa.

Hapa naomba mnisikilize zaidi, kwa sababu video nyingi mnazojifunzia zinachora ngozi ya Mzungu. Weusi wetu uko kwenye ngozi ya juu, na wino unakaa chini yake. Kila rangi unayoweka, mtu ataiona ikipenya kwenye weusi huo. Njano, waridi na buluu hafifu hufifia hata zisionekane. Nyekundu iliyoiva inaweza kupendeza kwa mwenye rangi ya maji ya kunde, lakini weka kwanza nukta ndogo, usubiri ipone, ndipo uamue. Nyeusi nzuri ndiyo rafiki yetu. Fanya mistari iwe minene kidogo, herufi ziwe kubwa na zipeane nafasi, na uache sehemu za ngozi wazi ili ngozi yenyewe iwe mwanga wa mchoro.

Kuna hatari nyingine ambayo video hazionyeshi. Ngozi nyeupe ikichoka huwa nyekundu na fundi anaona. Kwetu wekundu hujificha. Basi tazama uvimbe na mng'ao, gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya moto, ngumu, inatoa majimaji, simama, utamalizia siku nyingine ikishapona. Nimeona mikono mingi iliyoharibiwa na fundi aliyedhani wino haujaingia kwa kuwa mteja ni mweusi, akarudia na kurudia mstari ule ule. Wino ulikuwa umeingia, na kilichobaki ni kovu.

Na keloidi. Muulize kila mteja, kisha mtazame mwenyewe: masikio yaliyotogwa, alama ya chanjo, mshono wa upasuaji. Kovu lililovimba likavuka mipaka ya jeraha ni onyo. Mtu huyo usimchore, hasa kifuani, begani na juu ya mgongo, hata akikusihi na pesa iko mezani.

Mkatalie pia aliye chini ya miaka 18, mlevi, mjamzito, na mwenye kisukari kisichotulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme na daktari wake kwanza. Kijana anayetaka shingoni au mkononi mwambie ukweli kwamba matangazo ya ajira za polisi hapa Tanzania hutaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Na maneno ya Kiarabu msiyachore kwa kunakili kutoka simuni bila msomaji wa lugha hiyo kuyapitia. Nimeona mengi ambayo herufi zake zimeachana, hayasomeki.

Mteja akiondoka, mpe maelekezo kwa maandishi. Aoshe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali na mikono safi, akaushe bila kusugua, apake mafuta kidogo sana. Asichubue magamba. Asiingie baharini wala kwenye bwawa mpaka ngozi ifunge, wiki mbili hadi tatu, na jua lisimchome hapo. Dawa ya meno, majivu na maji ya kitunguu visiguse jeraha. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka au homa ikipanda, aende hospitali, wala usimwongezee mafuta.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye kasha gumu la vitu vyenye ncha kali, papo hapo. Kasha likifika robo tatu lifungeni, mkaongee na kituo cha afya cha karibu chenye tanuri la kuchomea taka. Zikitupwa jalalani zitamchoma mwokota chupa ambaye hamjui na hakuwakosea.

Na ukijichoma wewe, acha kazi hapo hapo. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue wala usinyonye. Nenda hospitali siku hiyo hiyo uwaambie umechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwingine. Dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Uliza pia kuhusu homa ya ini B. Mteja wako mwombe kwa heshima mwende wote, apimwe naye.

Ni mimi, mzee wenu,
Dar es Salaam